Manjano Kwenye Kanzu ya Nikaha

Jumatano, Mfunguo Mosi, 1956. Baada ya alasiri.

Jua limetoka leo. Nalisema hilo kabla ya jambo jingine lolote, kwa sababu jana kutwa nilikuwa naliomba. Masika yanamalizika lakini hayajaamua kuondoka. Jana yalituletea vijimvua vya kukera, vya kuja na kwenda, na mawingu yakakaa juu ya mapaa ya Mkunazini hayatikisiki. Leo asubuhi nilipofungua dirisha niliona mwanga mweupe, mkali, kwenye ukuta wa jirani. Nikasema Alhamdulillahi, leo mimi na wewe tuna kazi.

Mikono yangu inanuka ndimu. Kucha zimekuwa za manjano na hazitotoka rangi hiyo upesi. Moyo umetulia, ila kuna jambo moja linanichoma, na ndilo lililonikalisha hapa na kalamu. Naandika kwenye daftari alilolibakisha Rukia alipomaliza skuli, kwa herufi alizonifundisha yeye mwenyewe.

Rukia ni mtoto wa marehemu dada yangu. Nimemlea tangu ana miaka minne, naye huniita Mama. Ijumaa hii, baada ya sala ya alasiri, anafungishwa nikaha na Haji, kijana wa Malindi, karani wa bandarini. Mama yake Haji ni Bi Zuwena, mjane, mtu wa maneno machache na macho mengi.

Mimi kazi yangu ni kufua. Sitojidogosha hapa, maana hapa hapana wa kunisikia: katika mitaa hii hapana anayenishinda kutoa doa. Kutu ya msumari naipaka ndimu na chumvi, naiacha juani, jioni haipo. Damu naitoa kwa maji baridi na chumvi, na anayeitia maji ya moto namhesabu kuwa ameipika. Wino naulaza ndani ya maziwa mabichi. Mafuta ya nywele ya ukosini naya­nyunyizia unga wa muhogo, unayanywa. Doa moja tu limenishinda maisha yangu yote, nalo ni la maji ya mabibo. Mtu akiniletea kanzu yenye bibo namwambia kaifanye ya kulalia.

Basi Jumapili Bi Zuwena alikuja mwenyewe na kifurushi kinachonukia udi. Ndani yake mlikuwa na kanzu ya darizi, kitambaa chepesi cha zamani, uzi wa hariri shingoni umeshonwa kwa subira ya mtu asiye na haraka.

"Hii ni ya marehemu mume wangu," aliniambia. "Aliivaa siku aliyonioa. Tangu afe haijavaliwa. Nataka Haji aivae Ijumaa, na nataka iwe nyeupe kama siku ile."

Ilikuwa imepiga umanjano wa kukaa sandukuni. Jumatatu nikaifua, nikaipitisha kwenye maji ya buluu, nikaianika kabla mvua haijashuka. Ikatoka nyeupe ya kung'aa. Ilibaki kutiwa wanga na kupigwa pasi.

Hapa nikiri. Ilinipasa kuikunja na kuiweka sandukuni. Sikufanya hivyo. Niliitandaza juu ya kitanda changu, chumba kilichokabili mlango wa uani, kwa sababu Bi Mize, somo wa Rukia, anayemfunda mambo ya harusi, alikuwa anakuja asubuhi yake, nami nilitaka aione. Nilitaka atoke pale akawaambie watu.

Kosa la kwanza ni langu, na lilikuwa la kujionyesha.

Jana asubuhi Bi Mize akaja na bakuli lake la singo. Liwa, manjano, asumini zilizopondwa, maji ya waridi. Akamsugua Rukia mikono na uso mpaka mtoto akawa rangi ya embe. Mimi nikaenda Darajani kutafuta ndimu na wanga. Bi Mize akatoka barazani kupulizia mkaa wa kufukizia udi. Rukia akabaki ndani peke yake.

Niliporudi nilimkuta uani, amechutama mbele ya karai, kanga kifuani, mikono ya manjano mpaka viwikoni. Anaisugua kanzu ya marehemu kwa sabuni ya mche, anasugua kwa nguvu zake zote, machozi yanamtoka. Na kanzu kifuani ilikuwa nyekundu.

Si manjano. Nyekundu, kama iliyochinjiwa kuku.

Na mlangoni alikuwa amesimama Bi Maryamu, mdogo wake Bi Zuwena, aliyetumwa kuuliza kanzu imefika wapi. Bi Mize ndiye aliyemfungulia. Bi Maryamu alikuwa ameshika mdomo wake.

"Damu," akasema. "Kanzu ya marehemu imetoka damu."

Nilitaka kumjibu, lakini kwa pumzi moja hivi hata mimi nilidhani mtoto kajikata. Nikakimbilia kuangalia mikono yake. Nilipogeuka, Bi Maryamu hayupo. Nilisikia makubazi yake tu yanapiga mbio kwenye kichochoro.

"Umefanya nini?" nikamuuliza Rukia.

"Sijui, Mama. Lilikuwa doa la singo. Nilipotia sabuni likageuka damu."

"Na singo ilifikaje kwenye kanzu?"

Akaendelea kusugua.

"Nakuuliza, ilifikaje?"

Akainamisha kichwa. Bi Mize amesimama na chetezo chake, anatuangalia. Nikaona haya ya mbele ya mtu, na haya ile ikanitoa maneno. Nilimwambia Rukia kwamba mama yake angekuwa hai angejuta kumzaa mtoto wa namna hii.

Nimeliandika ili nilione.

Alikiacha kipande cha sabuni karaini, akaingia ndani.

Nikabaki na kanzu mikononi. Hapo akili ikarudi mahali pake. Ilikuwa manjano, na manjano yana tabia yake ambayo wengi hawaijui: yakikutana na sabuni hugeuka mekundu, na yakikutana na ndimu hurudi kuwa manjano. Mimi niliijua nikiwa msichana, nilipofua kanga niliyomwagia mchuzi nikadhani nimerogwa. Si damu, si uchawi. Lakini ninayoyajua mimi ni jambo moja, na anayoyasema Bi Maryamu huko njiani ni jambo jingine.

Haikufika adhuhuri, habari ilikuwa imeshazunguka. Jirani mmoja alichungulia akaniuliza kama ni kweli bi harusi kafanyiwa kitu. Mwingine akasema marehemu hakuiridhia ndoa. Watu ambao siku zote wananitolea salamu walipita wakitazama chini.

Kisha akaja Bi Zuwena mwenyewe, na Bi Maryamu nyuma yake.

Nikamwamkia. "Shikamoo, Bi Zuwena."

"Marahaba." Hakunitazama. "Iko wapi?"

Nilimletea karai. Aliangalia ile rangi kifuani pa kanzu ya mumewe, na uso wake ukawa mkavu kabisa. Aliniambia taratibu, bila kupandisha sauti, kwamba yeye hana ugomvi na mimi, lakini hili si jambo la kupuuzwa, na kwamba afadhali nikaha isogezwe mpaka watu waulize wanaojua.

Kusogezwa. Nimeona posa ngapi zilizosogezwa? Husogezwa wiki, husogezwa mwezi, kisha huzisikii tena. Na mtoto asiye na mama wala baba, aliyerudishwa kwa habari ya damu kwenye kanzu, nani atabisha hodi kwake baada ya hapo?

"Kaa kidogo, Bi Zuwena," nikamwambia. "Nipe muda wa kukamua ndimu moja tu."

Nikachukua kitambaa changu cheupe cha kufungia wanga. Nikachovya kidole kwenye bakuli la singo la Bi Mize, nikakipaka mbele yake. Manjano. Nikasugua sabuni. Ikawa nyekundu vilevile kama kanzu. Bi Maryamu akarudi nyuma hatua mbili. Nikakata ndimu, nikakamua. Nyekundu ikakimbia, manjano yakarudi, pale pale, tukiwa tunatazama.

"Fanya na kwenye kanzu," akasema Bi Zuwena.

Nikakamua tone moja juu ya lile doa. Pakatokea duara la manjano katikati ya wekundu.

"Maryamu," akasema, macho bado yako kwenye karai, "umewaambia watu wangapi?"

Bi Maryamu akavuta buibui lake mpaka mdomoni. Akaambiwa aende akawaambie hao hao, kwa mdomo ule ule, kwamba ni singo. Akaenda.

Nilidhani yamekwisha. Lakini Bi Zuwena akainuka, akajifunga buibui lake. "Si damu, nshaona. Lakini doa ni doa. Haji hatofunga nikaha na nguo yenye doa, wala mimi sitaki avae kanzu nyingine. Kanzu ni hii. Ikiwa haitakati, nikaha itangoja."

"Nipe mpaka kesho alasiri."

"Na mvua hii?"

"Mpaka kesho alasiri," nikasema.

Sauti yangu ilikuwa imara, na sikuwa nimedanganya. Nilijua kila kitu kinachotakiwa kufanywa. Kitu kimoja tu hakikuwa mkononi mwangu: manjano hayaondolewi na sabuni wala ndimu peke yake. Yanaondolewa na jua. Ndimu huyalegeza, jua ndilo linalokula. Na jua, jana, hapakuwa nalo.

Bi Mize alinishauri ninunue ule unga wa kupaushia unaouzwa madukani. Nikakataa. Kitambaa cha umri ule ungekitafuna, tungebaki na kanzu nyeupe yenye matundu. Nilifua kwa sabuni tena kutoa mafuta ya singo, nikasuuza kwa maji ya mvua tuliyoyakinga, karai baada ya karai, mpaka maji yakaacha kutoka na wekundu. Sikutia maji ya moto. Kisha nikakamua ndimu sita, nikazichuja kokwa, nikazipaka kwa pamba juu ya doa tu, kwa uangalifu nisiguse hariri ya shingoni. Wekundu wote ukaondoka. Yakabaki manjano, mepesi zaidi kuliko mwanzo, lakini yapo, yanaonekana kwa mtu aliye mlangoni. Nikaiviringisha ndani ya shuka mbichi isije ikakauka.

Rukia hakutoka chumbani jana. Nilimpelekea chakula, akasema ahsante. Nami sikusema lile nililopaswa kusema.

Leo, basi, jua.

Nilipanda nayo juu ya paa letu la sakafu, mahali tunapoanika wapangaji wote. Nikatandika jamvi, juu yake shuka safi, juu yake kanzu, kifua kikitazama mbingu. Kila ilipotaka kukauka niliinyunyizia maji ya ndimu na chumvi kidogo. Nikakaa pembeni na ukuti wa kufukuzia kunguru. Mawingu yalipita mara tatu, na kila mara moyo wangu ulipita nayo. Lakini jua lilirudi, na saa sita za mchana lilikuwa linaunguza kweli.

Doa lilianza kutoka pembeni, kama maji yanavyokauka sakafuni. Na lilipokuwa linapungua ndipo nilipoona umbo lake, maana jana lilikuwa limechafuka lote kwa kusuguliwa. Kulikuwa na kiganja upande wa kulia. Kiganja kingine upande wa kushoto, juu kidogo. Na kati ya viganja, karibu na bega, alama ya duara, laini, isiyo na vidole.

Niliiangalia sana. Kisha nikaweka uso wangu juu yake, bila kuigusa, kupima tu.

Lilikuwa shavu.

Mtu anayeokota nguo hawezi kuacha alama kama ile. Anayejikwaa akaishika hawezi pia. Ile ni alama ya mtu aliyeisimamisha kanzu mbele yake akaikumbatia.

Nikakaa pale juani na ukuti wangu. Nikayakumbuka maneno niliyomwambia.

Nilipoteremka alikuwa amekaa kitandani anakunja kanga zake. Nikakaa kando yake.

"Ulikuwa unaipima," nikasema.

Akaficha uso kwenye kanga. Nilidhani analia, na kweli alikuwa analia, lakini alisema maneno yake yote bila kukatika. "Nilitaka kujua bega lake linanifika wapi. Sijapata kusimama karibu naye, Mama. Nimemwona kwa dirishani mara mbili. Niliisahau singo. Nilisahau kabisa."

"Kwa nini hukuniambia?"

Akaikunja kanga, akaikunjua. "Nilidhani nitaweza kulitoa kabla hujarudi. Wewe hukosei, Mama. Naona haya kukosea mbele yako."

Sikujua pa kuyaweka maneno hayo. Miaka kumi na minne nimemlea mtoto nikidhani namwonyesha usafi, kumbe nimemwonyesha mtu asiyekosea, na mtu huyo hayupo. Hajapata kuwepo.

Nikamwambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Mwaka wangu wa kwanza wa kufua nilipewa gauni la hariri la mke wa tajiri mmoja. Nikaliwekea pasi yenye moto mwingi, likaungua mgongoni alama nzima ya pasi, ncha na kisigino. Nikachukua mkasi, nikakata palipoungua, nikampelekea mwenyewe nikamwambia panya. Nikalia mbele yake kuhusu panya. Akanihurumia yeye mimi! Akanipa na paka.

Rukia akainua kichwa. "Paka yule?"

"Paka yule yule uliyemkuta hapa."

Akacheka mpaka akashika mbavu. Nikamshika mkono wake wa manjano, nikamwambia kwamba lile neno la jana kuhusu mama yake lilikuwa uongo, uongo mbaya kuliko ule wa panya, na kwamba dada yangu angeiona alama ile juu ya kanzu angefurahi. Akaegemea bega langu.

Baada ya sala ya alasiri Bi Zuwena akabisha hodi, peke yake mara hii. Nikaileta kanzu, nikaitandaza mapajani mwake karibu na dirisha. Aliichunguza kama anayesoma barua. Viganja havikuwepo tena. Kifua kilikuwa cheupe. Lakini lile shavu, karibu na bega, lilibaki kidogo, hafifu, rangi ya maziwa yaliyoguswa na zafarani. Asiyelijua asingeliona. Yeye aliliona.

"Jua bado lipo," nikamwambia. "Nipe saa moja tu juu ya paa. Litaondoka."

Aliuliza, "Singo ilifikaje hapa juu?"

Nilikuwa na uongo tayari. Ungenitoka mwepesi tu: bakuli lilianguka. Nikafungua mdomo, na pazia la chumbani likasogea. Rukia akatoka, ushungi umeteremshwa mpaka kwenye nyusi, wala haikuwa desturi atoke mbele ya mavyaa wake siku kama hizi.

"Shikamoo, Mama. Ni mimi. Niliikumbatia."

Nilisikia muuza kahawa akigonga vikombe vyake nje. Bi Zuwena alimtazama, kisha akaitazama kanzu. Akaweka kidole juu ya ile alama, akaizungusha taratibu pembeni yake.

"Marahaba," akasema. Kisha akaanza kuzungumza, sijui na nani kati yetu. Alisema siku ile mumewe alipoivaa kanzu hii yeye alikuwa na miaka kumi na sita na hakutaka hata kumwangalia. Alilia siku saba. Alimchukia mpaka kanzu yake, hata akikuta imeangikwa anageuza uso. Baadaye alimpenda, tena sana, lakini zile siku saba zilimuuma marehemu mpaka uzeeni, na alikuwa akizitaja kwa mzaha ambao haukuwa mzaha.

"Na huyu kaikumbatia kabla haijavaliwa," akasema. "Halafu mimi nataka kusogeza nikaha."

Akaikunja kanzu mara mbili, akanirudishia.

"Itie wanga, ipige pasi. Basi."

"Lakini doa, Bi Zuwena. Saa moja tu."

"Saa hiyo siitaki."

"Liko mbele. Watu wataliona."

"Haji atavaa joho. Joho litalifunika." Akainuka, akamshika Rukia kidevu, akaondoka. Mlangoni akageuka. "Usiliguse, Bi Saada. Nakujua."

Ananijua.

Sasa kanzu ipo mbele yangu ninapoandika. Sijapata kumrudishia mtu nguo yenye doa ninaloweza kulitoa. Mikono inaniwasha. Kwenye ukuta wa jirani bado kuna kipande cha jua, kirefu, na kwenye kisahani imebaki nusu ya ndimu. Ningepanda juu sasa hivi, hata magharibi isingeadhiniwa kabla sijamaliza, na hapana ambaye angeniuliza.

Nimemwita Rukia nikampa ile nusu ya ndimu, nikamwambia akaikamulie kwenye mchuzi.

Je, miaka yote hii nimefuta mangapi ambayo yalitakiwa yabaki? Sijui. Najua kwamba kesho nina wanga wa kupika, pasi ya kutia mkaa, na doa moja la kulipitia juu yake polepole, bila kulikwepa na bila kuliondoa.